Kilugha Hapana

Siku tulipomzika mama, hapa Kalangalala mjini, kaka yangu alitoa amri moja: kilugha hapana, Kiswahili tu. Wafanyakazi wenzake, watu wa mikoani wasiojua Kisukuma chetu, walikuwa wanakuja kutoka Shinyanga, na majirani zetu ni Waha, Wahaya na Wakurya waliofuata dhahabu.

"Tutaonekana washamba," alisema.

Nilikubali. Siwezi kuandika vingine.

Mama mkubwa alifika asubuhi hiyo kutoka kijijini. Yeye ndiye aliyembeba mama mgongoni akichunga ng'ombe, na maisha yao yote walisemezana Kisukuma tu. Alipangiwa kumuaga mdogo wake kabla jeneza halijafungwa. Akashika kipaza sauti, akaanza kumwita kwa jina lake la utotoni. Mwongoza ratiba akamkatiza.

"Bibi, Kiswahili! Hapa siyo mnadani kwenye ng'ombe."

Vijana wa nyuma wakacheka. Mama mkubwa akahangaika kutafuta maneno.

"Marehemu... alikuwa mtu mzuri. Asanteni kwa kuja."

Akarudisha kipaza sauti, akakaa.

Akafuata Mhindi mwenye duka la vitenge, mzaliwa wa Shinyanga, rafiki wa mama wa miaka mingi.

"Mwadila!" akatusalimu, kisha akaendelea kwa Kisukuma kilichonyooka mpaka mwisho. Hakuna aliyemkatiza. Turubai zima lilichangamka.

"Huyu Msukuma kabisa, apewe ng'ombe!" mwongoza ratiba akapayuka. Watu wakapiga makofi. Kaka yangu, yule yule, akainama kuwatafsiria wageni wake huku anatabasamu.

Mzee wa duka simlaumu. Alimlilia mama kweli. Lakini lugha ile ile, kinywani mwake ni ustadi, kinywani mwa mama mkubwa ni uchafu.

Nikainuka, nikamnyang'anya mwongoza ratiba kipaza sauti.

"Dada, muda umekwisha!"

"Wa makofi mlikuwa nao."

Nikampelekea mama mkubwa. "Mama, sema naye kwa lugha yenu."

Hakukipokea. Akanijibu polepole, kwa Kisukuma, "Niache, mwanangu. Ameshanisikia nikimuaga kama mgeni."

Wakafunga kifuniko. Kaka akanisogelea, akaninong'oneza, "Umetuaibisha."

Nilikuwa na matusi mdomoni, ya kumtosha yeye na kamati yake ya mazishi. Nikayameza. Alipotoa ile amri, aliyesema sawa ni mimi.