Cheche Niliyoitafuta kwenye Pikipiki ya Umeme

Hebu keti nikusimulie, hasa wewe uliyenunua pikipiki ya umeme au unayefikiria kununua. Mimi ni fundi pikipiki hapa Sumbawanga, na miaka yote nimekuwa fundi wa petroli. Hizi za umeme zimenikuta nina mvi.

Ya kwanza ililetwa kibandani kwangu masika, ikisukumwa, tope hadi kwenye kiti. Mwenyewe ni mama ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe kutoka Shinyanga. Wanakaa nje ya mji, njia ya Msanzi, naye kila asubuhi hupeleka maziwa kwenye migahawa ya mjini. Siku hiyo, baada ya kushusha dumu la mwisho, pikipiki iligoma kuondoka. Skrini ilikuwa inawaka, mota haizunguki.

"Fundi, leo umeletewa simu yenye matairi!" akadakia bodaboda mmoja, kati ya vijana waliokuwa wamekusanyika kibandani. "Iwekee vocha!"

Yule mama hakucheka. "Baba, nikikosa siku tatu tu, wenye migahawa watachukua kwa mwingine. Nisaidie leo."

Nilipaswa kusema sijui. Fundi aliyesomea vyombo hivi hatukuwa naye mjini. Wa karibu niliyemsikia alikuwa Mbeya. Lakini vijana wote walikuwa wananitazama, nikashika spana.

Sisi wa petroli tuna kipimo chetu. Tunagusisha waya kwenye chuma cha injini. Tukiona cheche, tunajua moto upo. Nikafungua kontrola, lile kasha linalogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota. Nikachukua waya mnene wa betri, nikaugusisha haraka kwenye ule mwembamba ulio pembeni yake. Cheche niliiona. Nikasikia mlio, paa! Kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Skrini ikazimika.

"Imepona?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Nimeiunguza mimi."

Hakunifokea. Alinipa namba ya duka la Dar es Salaam alikonunulia, nikapiga. Akapokea binti fundi, mpole kwa sauti, nikamweleza nilichofanya.

"Shikamoo mzee. Kabla hujafungua, skrini iliandika nini?"

Sikuwa nimetazama. Mama ndiye aliyekumbuka alama iliyokuwa ikiwaka na kuzimika. Binti akasema hiyo ni ya stendi: ukishusha stendi, mota hukatwa makusudi, usije ukaondoka haijapandishwa. Tope lilikuwa limeibana swichi yake, pikipiki ikaamini bado imeegeshwa. Kitambaa na maji kidogo vingetosha.

Niliwaza sana juu ya mkono wangu baada ya hapo. Haukuwa mkono mjinga. Ulijibu swali la mashine nyingine. Kama unajifunza ufundi huu ukiwa umezoea ule, usijidharau. Ila uvumilie kuwa mwanafunzi tena, hata mbele ya bodaboda wanaokucheka.

Kontrola mpya ilibidi ije kwa basi. Siku zote tulizosubiri, nilikwenda kwa yule mama alfajiri na pikipiki yangu, baridi ya huku kwetu Ufipa ikiniuma vidole, nikapeleka madumu yake mgahawa kwa mgahawa. Mwenye mgahawa mmoja akanitania, "Fundi umekuwa mfugaji?" Nikamjibu, "Maziwa ni ya mama yule yule, usibadilishe." Hakuna aliyebadilisha.

Kontrola ilipofika, binti wa Dar alituongoza kwa video, waya kwa waya. Mama alishika simu, mimi nikashika kipima umeme nilichoazima kwa fundi redio. Mota ilipozunguka, mama alipanda akaenda zake bila hata kuaga vizuri, maana ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa.

Basi, pikipiki yako ikigoma, fanya hivi: piga picha alama iliyo kwenye skrini, zima swichi, chomoa betri, safisha tope kwenye swichi ya stendi, rudisha betri ujaribu tena. Ikigoma bado, mpe fundi ile picha kabla hajashika spana.