Maji ya Sabato

Mume wangu alipoacha kazi ya fundi kwenye kiwanda cha majani chai, alinunua mashine kuukuu ya kukereza chuma, akaifunga nyuma ya nyumba yetu kule Gesima, ikavutwa na injini ya dizeli. Kwa hilo sikumlaumu. Wenye vinu vya mahindi walimletea vyuma vyao, na watoto walisoma kwa vyuma hivyo.

Lakini chuma kikikatwa kinawaka moto. Kwa hiyo pampu ndogo ilikimwagia maji siku nzima, maji yenye mafuta, meupe kama maziwa. Yakianguka kwenye tangi yanavutwa tena juu. Na maji yenyewe nani aliyateka? Mimi, kwa kichwa, kutoka chemchemi ya bondeni.

Sisi ni Wasabato. Ijumaa jua likizama mashine inalala, na maji yale yakilala yanaoza, yananuka kama yai viza. Basi bwana yule, ili Sabato imkute safi, alikuwa akifungua tangi Ijumaa alasiri na kumwaga mteremkoni. Kiangazi udongo uliyanywa. Mvua ilipoanza, yakateremka hadi chemchemini, saa ile ile wanawake wote tunateka maji ya Sabato, maana jua likizama hakuna kuteka.

Nilikuta wenzangu wamesimama na madebe matupu. Juu ya maji utando mweupe, na harufu. Mke wa shemeji yangu akasema, "Mwambie bwanako, akikamua mashine yake atuletee na vikombe!"

Wakacheka. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Nacheka nini?

Nilijaza debe, nikapanda nalo. Nikachota kikombe, nikampa mbele ya wateja wake.

"Kunywa, baba watoto."

"Ni mafuta kidogo tu hayo."

"Nimekupa kidogo."

Akakitazama kikombe. Hakunywa. "Jumapili nitachimba shimo."

"Na kesho watoto wanywe shimo?"

Nikampa debe lingine na ngata ya majani ya ndizi, nikamwonyesha chemchemi ya ng'ambo ya kilima. Mwanamume mzima, debe kichwani, akapita katikati ya wasichana. Wacha wacheke.

Alirudi mabega yamelowa, debe nusu. Nikamimina mtungini, nikamrudishia.

"Mama watoto, jua linazama."

"Mtungi haujajaa," nikamwambia. "Kimbia."