Baridi ya Tumboni

Mimi nilikuwa siwezi kumbeba mwanangu mgongoni. Mkitaka kucheka, chekeni. Hapa Mlandege, kwa baridi hii ya Iringa, mwanamke asiyebeba mtoto atasemwa kuanzia kanisani mpaka gengeni. Kila nikikaza fundo la mbeleko pumzi inakata, na vidole vinalifungua vyenyewe, mimi nikivitazama. Mara ya mwisho mtoto aliponyoka, baba yake akamdaka. Mama mkwe akapiga simu kutoka Ilula: Jumamosi anakuja kumchukua mjukuu wake, akamlee yeye. Nililia mpaka sauti ikanikauka.

Ndiyo nikaenda kwa mama mshauri wa usharika wetu. Walisema huyo haulizi maneno, anauliza mwili. Upuuzi mtupu, nikawaza, lakini mfa maji haachi kutapatapa.

Alinifunga furushi la mchele mgongoni.

"Unasikia nini, mwanangu?"

"Baridi."

"Wapi?"

Mkono wangu ukaenda tumboni. Jamani! Mzigo uko mgongoni, baridi iko tumboni?

Akalifungua furushi, akaketi, akanigeuzia mgongo wake mpana. "Niegemee."

Nikamlalia. Sweta lake lilikuwa na joto, linanuka moshi wa mkaa. Mara joto likaondoka. Chini ya tumbo langu kukawa kugumu, kwenye baridi kama sakafu ya saruji, na nikasikia harufu ya tope na mpunga mbichi.

"Hapumui!" nikapiga kelele.

"Nani?"

"Sijui!"

"Mimi napumua. Sikiliza." Akapumua kwa nguvu, mpaka nikamsikia.

Nilipotoka nikampigia mama mkubwa, aliyenilea kule Chimala. Siku zote aliniambia mama yangu alifia hospitali. Nikauliza swali moja tu: mama alipokufa, mimi nilikuwa wapi?

Nilisikia kuku wake wakiparua.

"Nani kakuambia?" akasema, kisha akaangua kilio. Mama yangu alianguka njiani jioni akitoka shamba la mpunga, kifudifudi. Walimkuta asubuhi. "Ulikuwa bado umefungwa mgongoni kwake, mwanangu. Hukulia hata kidogo. Tulijua huwezi kukumbuka."

Jumamosi mama mkwe akafika na kikapu cha nyanya na mbeleko mpya ya kumbebea mjukuu. Nikaichukua mikononi mwake, nikamfunga mtoto mwenyewe. Baridi ikaja vilevile. Vidole vikaanza kulitafuta fundo. Nikavuta pumzi, nikaishusha kwa sauti, kama mtu anayepanda mlima na kuni.

"Unaumwa?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, mama. Nataka anisikie."

"Akusikie nini?"

"Kwamba niko hai."

Mama mkwe akatua kikapu, akaomba kisu atukatie nyanya za mchana.

Mtoto akalaza shavu mgongoni kwangu. Alikuwa wa moto.