Majirani Waliomaliza Chumvi ya Mwalimu

Nilihamia ploti ile ya mtaa wa Tuwan, Kitale, kwa sababu ya utulivu wake. Mwenye ploti, mama mjane aliyeishi chumba cha karibu na geti, alinihakikishia: "Hapa ni watu wa heshima." Na kweli, heshima ilikuwa tele. Tulikuwa vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, mfereji mmoja wa maji katikati, na tuliheshimiana kiasi kwamba jirani akipigwa, hakuna aliyetaka kumwaibisha kwa kumsikia.

Aliyepigwa alikuwa jirani yangu wa ukuta, mwanamke mwembamba, mcheshi, mzaliwa wa upande wa Chwele kule Bungoma. Aliuza nguo za mitumba za watoto mjini Kitale. Mumewe alikuwa mwalimu, mtu wa tai na mtu wa kwaya. Akikukuta mlangoni atakuuliza hali ya mama yako mgonjwa, na dawa anazotumia anazikumbuka kwa majina. Watu walimpenda. Mimi pia nilimpenda. Basi kila Jumamosi mchana, baada ya chakula, binti zao wawili walitolewa nje, mlango ukafungwa, na mwalimu akamfundisha mke wake. Kumfundisha ni neno lake. Sisi tulilikubali, maana nani atabishana na mwalimu kuhusu kufundisha?

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu ilikaa karibu na ukuta ule, na juu ya kabati nilikuwa na redio. Somo likianza, naongeza sauti. Wale watoto walikuwa wakija kwangu kucheza na vipande vya vitambaa, nami nawapa vile vya rangi nzuri, nikijiona mtu mwema sana. Nilikuwa mwema hivyo kwa miaka miwili. Siku moja tukiteka maji, mama yao akiwa amevuta kitambaa cha kichwa hadi kwenye jicho, aliniambia bila hasira, "Redio yako inapenda Jumamosi." Akainua ndoo yake akaenda.

Kwa bahati nzuri, msaada ulikuwa njiani. Mwezi uleule tuliitwa kwenye mkutano wa kuhamasisha jamii kuhusu dhuluma za kijinsia. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki na spika mbili kubwa. Tuligawiwa tishati za zambarau, soda na keki. Wageni kutoka Nairobi walitueleza kwamba wanawake wa eneo letu wanapigwa, nasi tukashukuru kwa kujulishwa. Mzee wa mtaa akasimama akasema mwanamke ni ua. Hakusema wenye maua wafanywe nini. Mwishoni, kwa kuwa ana sauti nzuri, jirani yangu mwalimu ndiye aliyeombwa kufunga kwa sala. Aliomba vizuri ajabu. Aliwaombea wanaume wenye hasira, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anawafahamu. Mkewe alikaa safu ya tatu, tishati imemkaa sawasawa, akasema amina.

Tulirudi wanawake wanne wa ploti. Tulipofika getini, mwenye ploti alisimama akavua viatu vyake vya mkutano.

"Mimi nimechoka kuwa mtu wa heshima," akasema. "Jumamosi huyu akianza, naenda kumwomba chumvi."

"Chumvi ya kupikia nini, mama?" nikamuuliza.

"Chochote."

Jumamosi ikafika, na mlango ukafungwa kama kawaida. Nilizima redio. Nilisikia kitu kikianguka, halafu nikamsikia mwenye ploti akibisha, taratibu, kama mgeni wa chai. Mwalimu alifungua akiwa amekunja mikono ya shati, tabasamu liko tayari.

"Naomba chumvi kidogo, mwalimu."

Akampa. Mama hakuondoka. "Mama watoto yuko? Wacha nimsalimie tu." Akaingia, akaketi kwenye kochi. Mimi nikafuata kuomba kiberiti. Msusi wa chumba cha tatu akaja kuomba kitunguu. Mwanamke wa nne, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alikosa cha kuomba, akauliza ni saa ngapi huku ameshika simu mkononi. Tulikaa humo hadi jioni tukizungumzia mvua. Mwalimu hakuweza kufundisha darasa likiwa limejaa vile.

Tuliendelea hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Hata jirani wetu wa bodaboda, ambaye mwanzoni alisema hayo ni mambo ya wamama, alikuja kuniuliza, "Si hata mimi naweza kuingia?" Akaenda kuomba pampu. Mwalimu hakuwa na baiskeli wala pikipiki. Jamaa alisema atasubiri.

Mwishowe mwalimu alitushtaki kwa mzee wa mtaa, ambaye alitukusanya uani.

"Hawa wamama wamenimalizia chumvi," mwalimu akasema kwa uchungu, na nadhani ule ulikuwa uchungu wa kweli.

Mzee akatugeukia kwa uzito wote wa cheo chake. "Kwani nyinyi hamwezi kununua chumvi?"

"Tutanunua," mwenye ploti akajibu, "siku ataacha kumpiga huyu msichana."

Neno lile halikuwa limewahi kutamkwa pale uani. Mzee alikohoa, akasema mambo ya nyumba humalizwa na wazee nyumbani. Ndipo mke wa mwalimu, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote, akasema, "Mimi nataka kwenda."

Tulikwenda naye. Kwanza hospitali, kisha polisi, dawati la jinsia. Tulikalia benchi kutwa nzima, tukapokezana kumshikia watoto, na kila alipoulizwa tena alichokuwa amekwisha kueleza, mmoja wetu alimkamata mkono. Baadaye tukampeleka kwao.

Baba yake alitupokea kwa adabu. Alikuwa mkulima mzee, amevaa koti siku ya jua. Alitusikiliza, halafu akasema, "Mimi nilishamwoza. Arudi tu, waongee na bwana yake. Yule ni mtu wa kanisa."

"Mzee, hatujaleta kesi," mwenye ploti akamwambia. "Tumeleta mtu."

Binti alifungua kitambaa chake cha kichwa. Baba alimtazama, akatazama shamba, akamtazama tena. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mzee yule, nimeandaa hata maneno, lakini alipoongea sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Nilikuwa namsifu kila Jumapili," akasema. Kisha akamwita mkewe awapikie wageni.

Kesi bado inatajwa na kuahirishwa. Mwalimu alihamia upande wa Saboti, ambako nasikia wanampenda sana na sauti yake imeinua kwaya. Dada ya msusi wetu anaishi hukohuko. Amearifiwa.

Mwaka huu nilimtembelea yule jirani yangu wa ukuta, siku ya soko Chwele. Nilimkuta amesimama nyuma ya rundo la nguo, akibishana na mteja kuhusu sweta, akicheka kwa sauti ambayo sikujua anayo. Nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha. Njia nzima nilikuwa nikipanga sentensi.

"Umekuja kufanya nini huku?" akaniuliza.

"Kukuona."

"Basi kaa hapo uniangalilie nguo, nikanywe chai. Tangu asubuhi sijakula."

Nikaketi kwenye kigoda chake. Aliporudi nilikuwa nimeuza suruali moja ya mtoto kwa bei ya chini ambayo alinifanya niitaje mara mbili.

"Wewe bana," akasema, "shona tu nguo."