Gari Zima Nililokataa Kulitilia Sahihi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi na viatu vya kisigino, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa ni kazi ya ukarani. Meneja wa Yadi, mzee wa Kibajuni asiyepaza sauti hata akikufukuza, alinitazama toka juu hadi chini akaniuliza kama nilikuja kazini au arusini. Kisha akanipa nyundo ndogo na gunia, akanionyesha lori. Kazi yangu, alisema, ilikuwa kule chini yake. Nilifunga leso juu ya sketi, nikatandika gunia, nikaingia uvunguni. Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake nilikuja na suruali, nikaivaa mpaka nilipostaafu.

Mimi ni Mtaita niliyeteremka Mombasa kutafuta kazi, na mjini hapa naitwa Mama Mghoi, kwa jina la binti yangu. Yadi yetu ilikuwa Shimanzi, karibu na Kilindini, ambako magari yaliyotumika Japani hushushwa melini. Kazi ilikuwa kumwambia mnunuzi anachonunua. Nyinyi vijana siku hizi mwaingiza simu chini ya gari, mwapiga picha, mwaondoka na suruali zenu safi. Haya. Picha haina masikio.

Kaskazini ya Japani huanguka theluji, na barabara zake humwagiwa chumvi ili iyeyuke. Chumvi hiyo hula chesisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari lote. Muuzaji mjanja huifunika kwa rangi nyeusi. Sasa, sisi watu wa pwani tukiona gari limepakwa nyeusi chini twafurahi, maana na sisi twapaka hivyo hivyo kuzuia hewa ya bahari. Hapo ndipo wengi walipoliwa. Meneja wa Yadi alinifundisha kugonga. Chuma kizima hulia, na kilichooza hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga.

Gari la fowili, linalosukumwa na magurudumu yote manne, lilikuwa na mtihani wake. Tuliliingiza mchangani, tukakata usukani hadi mwisho, tukasikiliza. Kisha tukatoa oili kidogo kwenye difu, lile tunguu la gia katikati ya ekseli, tukaisugua kwa vidole. Ukiona chembe zinazometa, gia zasagana. Miaka michache baadaye nilihamishiwa ofisi ya ukaguzi, chini ya Mkaguzi Mkuu, bwana mmoja wa Kisumu ambaye hakuwahi kunywa hata chai ya mteja. Yeye alipenda kusema kwamba sisi twakagua gari, mteja ajikague mwenyewe. Nilimheshimu, na mengi ninayoyajua ni yake.

Mtindo wa kujenga chumba cha kulala juu ya lori ulitufikia nikiwa huko. Mtu hununua lori dogo la fowili, akalitia kitanda, jiko na tangi la maji, akaenda zake porini. Wengi walikuwa wageni. Ndipo akaja Bwana Hatim, Mhindi wa Biashara Street, muuza leso, aliyekwisha kuwaachia wanawe duka. Alikuja na mkewe, Bi Sakina, wazaliwa wa Mji wa Kale wote wawili. Kwa miaka mingi alikuwa amemwahidi kumtembeza bara, na kila mwaka duka likamkatalia.

Yadini kulikuwa na magari mawili ya kumfaa. La kwanza lilikuwa lori refu lisilo na pua, ambalo dereva na abiria hukaa juu ya magurudumu ya mbele. Lilitoka kusini ya Japani, kusiko na theluji, na nilipoligonga chesisi ililia kote. Sikuwa nimeona gari safi kama lile kwa muda mrefu. La pili lilikuwa pikapu yenye pua, mlango wake chini. Nyuma, chini ya rangi nyeusi, chesisi yake ilikuwa imeliwa, na gia ya fowili ilinguruma. Hapakuwa na haja ya kufikiri.

Bi Sakina aliwekewa kiti kivulini na soda mkononi. Hakuna mwanamume aliyemsemesha wala kumtazama. Kwetu hiyo ni heshima, na siitoi makosa. Wanaume walikuwa wameinamia injini wakibishana, nami nilikuwa chini ya lori refu na nyundo yangu. Kutoka huko huoni watu, waona miguu. Nikaona miguu ya Bi Sakina ikija mpaka kwenye mlango wa abiria. Mmoja ukainuka, ukagusa kidato, ukarudi chini. Ukainuka tena, ukatetemeka, ukarudi. Kisha akarudi kitini pake taratibu, na hakuna aliyegeuza shingo.

Nilitoka, nikajipangusa, nikaenda kukaa chini karibu naye. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama goti limekataa.

"Nyamaza, mwanangu," akaniambia. "Hatim akijua atasema tungoje lipone. Alingoja duka, akangoja watoto waoe. Goti litapona. Macho je?"

Akanieleza mambo ambayo mumewe hakuyajua. Sukari ilikuwa ikimla macho, na daktari alimwambia huenda mwaka ujao asione. Maisha yake yote alikuwa amechagua rangi na maneno ya leso, akawauzia kinamama walioshuka na mabasi Mwembe Tayari kutoka Isiolo, Maralal, Lodwar. Alitaka kuona leso zake zinakovaliwa. Nilimwambia nyuma, kwenye chumba, twaweza kutia ngazi ya kukunja. Akatikisa kichwa: huko nyuma atalala, hataona kitu ila ukuta. Alitaka kukaa mbele. Na mbele ya lori lile, hata kwa ngazi, lazima ukunje goti kulizunguka gurudumu, kisha ukae nalo limekunjwa safari nzima. Akaniapisha nisimwambie mumewe. Nikamwahidi.

Mkaguzi Mkuu aliniletea karatasi ya lori nitie sahihi ili liuzwe. Nikasema sitii. Akauliza lina kasoro gani, nikasema halina. Akauliza sababu, nikanyamaza, maana ahadi ni deni. Bwana Hatim akapandwa na hasira. Akasema mbele ya watu kwamba anajua dawa ya wakaguzi kama mimi, nitaje tu ninachotaka. Iliniuma sana, sitaficha, mimi niliyekuwa sijala cha mtu. Nilifungua mdomo nimjibu, na Mungu anajua ningesema nini.

Bi Sakina akasimama.

"Huyu hana kosa, Hatim. Mimi ndiye siwezi kupanda."

Bwana Hatim akaanza kumtuliza: kama ni goti, basi wangoje kidogo, daktari yupo. Naye akamkata kauli papo hapo, mbele yetu sote, akamwambia habari ya macho.

Mafundi waliinamisha vichwa. Bwana Hatim alivua kofia yake, akaishika, akaivaa tena. Kisha akaniuliza lile jingine limeoza wapi. Nikamweleza yote, bila kupunguza. Akachukua gunia langu na nyundo, akalala chini ya pikapu na kanzu yake nyeupe, mzee yule, akagonga mwenyewe. Tulimsikia akigonga pazima na pabovu, pazima na pabovu. Huku nyuma wanaume waligeukia ukuta kumsitiri, Bi Sakina akafungua mlango, akaingia, akanyoosha mguu.

Bwana Hatim alipotoka aliniuliza:

"Litafika Maralal?"

"Likichomelewa, kwenda litafika. Kurudi, siwezi kuapa."

"Kurudi kuna mabasi," akasema.

Mkaguzi Mkuu alinikaripia kidogo, kisha akaandika kwa mkono wake kwamba mnunuzi ameonywa na amenunua. Gari lilijengwa chumba kidogo, likaondoka. Chesisi ilikatika walipokuwa wakirudi, upande huu wa Isiolo, palepale nilipomwambia pameoza. Walirudi Mombasa kwa basi.

Sasa nimestaafu. Magoti yangu nayo hayataki habari za gunia. Vijana hunijia kuniuliza lori gani la kujengea chumba ni bora, nami huwauliza kwanza nani atakaa kando ya dereva. Wengi hudhani nimezeeka vibaya.

Mwezi uliopita nilikwenda Biashara Street kununua leso. Bi Sakina alikuwa ameketi dukani, macho wazi, haoni. Aliijua sauti yangu, akanishika mkono akanikalisha kando yake. Kukaingia mwanamke mmoja na mtoto mgongoni, akauliza bei. Bi Sakina akamuuliza ametoka wapi. Akasema Maralal.

Bi Sakina akamwambia kwao mlima huwa buluu asubuhi, na ng'ombe hupita kati ya mji, na kinamama hufunga leso begani, fundo upande wa kulia, si kama sisi. Mwanamke akamtazama yale macho, kisha akanitazama mimi.

"Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia," akasema Bi Sakina. "Nilikaa mbele."