Kwenda Gatongora Kutafuta Kamera ya Pili

Nikiwa mdogo, jirani yetu alinunua karabai. Nyanya yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa na kibatari tu, na jioni watoto wote wa mtaa walikuwa wakija kwake kusikiliza hadithi. Siku karabai ilipowashwa kwa jirani, watoto wakahama. Hata mimi nilihama. Nyanya akasema mwanga ule unaharibu macho, akageuza kigoda chake kikaangalia ukuta, na sikumbuki kumwona akikirudisha. Nilimcheka sana, na sikujua kuna siku nami ningetafuta ukuta wa kuangalia.

Nasema haya kwa sababu ya Njoroge wa Ruiru. Miaka mingi yeye na mimi tulipiga wateja picha Jumapili kwenye maporomoko ya Chania, yeye upande wa hoteli, mimi upande wa ngazi, na hakuna aliyeingia kwa mwenzake. Halafu mwaka wa tisini na tisa dada yake akaja kutoka Amerika na zawadi: kamera ya dijitali. Haina filamu. Ina kioo kidogo mgongoni, unapigwa na unajiona hapo hapo, jasho halijakauka. Jumapili ya kwanza aliyokuja nayo, ngazi zangu zilibaki na mimi na kunguru. Watu wote walikuwa upande wa hoteli wakipiga kelele, "Hebu nijione! Hebu nijione!" Nikawaambia ile ni televisheni, si kamera. Hakuna aliyenisikia.

Na kamera yangu nayo ikaanza kukwama shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka ukibonyeza. Ilikwama kwenye ubatizo wa mjukuu wa Mama Akinyi, maji yako kichwani mwa mtoto, mimi nabonyeza, kimya. Mama Akinyi ni wa kiwanda cha nguo, amekaa Kamenu, mtaa wetu wa Thika, tangu aje kutoka Kisumu, na watoto wake wote nimewapiga mimi, tangu wakiwa hawana meno. Akaja kwangu na kusema, "Baba Mwanaisha, harusi ya binti yangu Atieno ni wiki ijayo. Ukija na kamera moja hiyo inayokohoa, nitatafuta mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Unamjua."

Basi nikatafuta kamera ya pili Thika nzima. Mpya sikuziweza. Za mitumba zilikuwa mbili, moja lenzi imeota ukungu, nyingine mwenyewe alikataa niifungue, nikajua. Dijitali hata usiulize bei, na hata ukiipata, Thika wakati huo hapakuwa na studio ya kukuoshea picha zake. Ndipo nikasikia kuna mtu anauza kamera yake nzuri ya filamu kwa bei ya kirafiki. Nani? Njoroge. Haitaki tena, ana karabai.

Saa moja asubuhi, Kamenu. Nilitoka na baiskeli, kamera yangu shingoni, pesa ndani ya soksi. Mke wangu alisimama mlangoni akaniangalia.

"Unaenda kununua au kupigana?"

"Kununua."

"Basi cheka kidogo. Uso huo hakuna mtu ataupunguzia bei."

Saa mbili na nusu, Juja. Mnyororo ulitoka, nikaurudisha, nikaingia kibandani kwa chai na mikono ya grisi. Mama wa chai akaona kamera. "Mzee, ni ile ya kujiona papo hapo?"

"Hapana. Hii unangoja wiki."

"Wiki! Si nitakuwa nimekonda?"

Kibanda kizima kikacheka. Nami nilikunywa ile chai haraka mpaka nikaungua ulimi, na kutoka Juja mpaka Ruiru nilikuwa nikimjibu kichwani. Nilimjibu vizuri sana. Ningerudi ningemmaliza.

Saa nne, Ruiru. Kahawa ilikuwa imechanua, mashamba meupe kama yamemwagiwa chumvi. Nilichuma kahawa huko nikiwa mtoto, ndiyo maana sikusoma, darasa la tatu nikatoka. Lakini hiyo ni habari nyingine. Gatongora, kijijini kwake, sikuwahi kufika, nikauliza njia ya kwa Njoroge. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Njoroge wa dijitali?" Nikakubali, nifanye nini.

Ua wa kwa Njoroge ulikuwa wa miiba. Ndani, mama yake alikuwa ameketi juani akichambua maharagwe, mwanamke mzee, mwembamba, shuka begani. Njoroge alikuwa ameniambia zamani kwamba mama huyu hapendi picha, hajawahi kukubali kupigwa hata moja, isipokuwa ya kitambulisho, na hiyo kwa sababu ya serikali.

"Wewe pia ni wa picha?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ninyi mna mikono laini kama ya wezi."

Njoroge akatoka akicheka, akanikumbatia. "Omari! Umekuja na baiskeli mpaka hapa? Wee, mzee, hutakufa!" Akaniketisha ndani, akaniletea uji, akaweka mezani ile kamera yake ya zamani. Ilikuwa safi, bana. Ngozi haijabanduka hata kona moja. Halafu, mtu asiyejua kunyamaza, akaleta na ile nyingine.

"Hebu uone ya Jumapili."

Nikaona. Watu wadogo, wana rangi, wanacheka ndani ya kioo. Akabonyeza, akabonyeza. Mara nikamwona Mama Akinyi. Na Atieno. Na mkwe. Wamesimama maporomokoni, upande wa hoteli, meno yote nje. Kabla sijasema neno, kioo kikazimika.

"Inakula betri hii, ni kama ng'ombe wa gredi," akasema. "Ngoja nikimbie dukani. Wewe jaribu hiyo yako."

Hiyo yako, alisema. Akatoka.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo safari ilipo. Mpiga picha akikabidhiwa kamera ya mtu, kitu cha kwanza anashika kile kitufe cha juu, kushoto, cha kurudishia filamu. Anakizungusha kidogo. Kikizunguka bure, ndani hakuna kitu. Kikishika, kuna filamu. Mtu yeyote wa kazi yetu anajua hivyo hata akiwa na homa. Nilikizungusha. Kikashika.

Nikajua kuna filamu. Nikajua ni ya Mama Akinyi, harusi yangu imeshaanza kupigwa na mtu mwingine. Nikakivuta kile kitufe juu, mgongo ukafunguka, nikaigeuzia dirishani, juani, nikahesabu mpaka kumi. Filamu isiyooshwa ikiona jua, picha zake zimeungua. Kisha nikafunga. Ukinunua kamera lazima uifungue uangalie shata, na nilikuwa na jibu hilo tayari kama ningeulizwa.

Sikuulizwa. Njoroge alirudi na betri nne. Akakaa.

"Umeona niliyempiga? Mama Akinyi. Alikuja kuniomba nifanye harusi, nikamwambia hapana, mama, hiki kitu kitazimika katikati ya kanisa. Mwende na Omari, atakuwa na kamera mbili." Akaipapasa ile ya zamani. "Lakini hii utaichukua kesho kutwa. Nimalize filamu kwanza, zimebaki picha mbili. Unajua ni nani yuko humu ndani?"

"Nani?"

"Mama. Alikubali, ndugu yangu! Alivaa nguo ya kanisa. Dijitali ikijaa nafuta ili nipate nafasi, na huyu sitaki afutwe. Nikarudi kwa filamu."

Nje, yule mama alikuwa akiimba chini chini na maharagwe yake. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na zilikuwa zimebaki picha mbili. Angemvalisha nguo ile siku hiyo hiyo, akampiga tena.

Kamera ya pili niliipata Thika siku nne baadaye, kwa mwalimu aliyestaafu, ya filamu, nzito, bei yangu. Harusi nikapiga, ikatoka vizuri. Ukinitaka ushauri wa kamera ya akiba, ndio huo: chukua ya filamu, ya mkono, na shika kitufe kabla ya kufungua. Na miaka miwili baadaye nilisikia kwamba mama wa Njoroge alizikwa, na mbele ya jeneza walibeba picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka uso ukawa ukungu. Najua sana picha ya kitambulisho inavyokuwa ikikuzwa.

Lakini siku hiyo alikuwa hai. Nikasimama nikasema nachukua pesa kwenye baiskeli, na pesa ilikuwa kwenye soksi. Njoroge akaniambia nisichelewe, uji unapoa. Nikampita mama juani.

"Unaenda wapi na hujamaliza uji?"

"Narudi sasa hivi, mama."

Nikaitoa baiskeli kwenye miiba, nikaisukuma mpaka kwenye kona, nikapanda.