Nguruwe, Machicha na Kilindi cha Mama Anna

Mwezi wa Aprili, mwaka wa tatu tangu tuhamie kijiji cha ujamaa, nilimpoteza mke wangu, Mama Anna. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo nikapoteza suruali mbele ya wageni kutoka Sumbawanga. Hasara ya kwanza sina maneno nayo hadi leo. Ya pili ni aibu tupu, lakini angalau inasimulika, kwa hiyo nawasimulia hiyo, na mkitaka kucheka chekeni tu.

Mto wetu una maporomoko madogo, na chini yake kuna kilindi, maji yametulia katikati ya miamba. Zamani kila ukoo ulivua sehemu yake, lakini tulipokusanywa wote kwenye mto mmoja, kiangazi cha kwanza tu watu wakatwanga majani ya sumu ya utupa wakamwaga majini, samaki wakaelea matumbo juu, wakubwa kwa vitoto, tukala wiki nzima, kisha ikawa basi. Mama Anna (ambaye hata kuimba kanisani alikuwa anaona haya) alisimama kwenye mkutano akasema, "Mmekula samaki, mkala na mayai yake. Endeleeni hivyo, mwakani mtavua mawe." Walicheka, lakini wakakubali kilindi kifungwe, asivue mtu.

Alipofariki, wengine wakaanza kusema marufuku hiyo tumeizika naye. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa kaka yake mwenyewe, Patrisi.

"Shemeji," aliniambia, "unalinda maji matupu. Samaki hakuna mle."

"Wapo," nikasema.

"Umewaona?"

Sikuwa nimewaona.

Ndipo ikaja habari kwamba Bwana Samaki, afisa uvuvi wa wilaya, analeta wageni kutazama maporomoko, na mwenyekiti akatangaza mbele ya kijiji kizima: wageni wakiona samaki, kilindi kitabaki kimefungwa na wilaya itakuwa inatuletea watu wa kutembelea, wasipoona kitu, Jumatatu nyavu zinaingia. Nikaona kwamba Jumatatu hiyo nitazika mara ya pili.

Sasa, nilikuwa najua jambo moja. Mama Anna alipokuwa akiosha vyungu vya pombe pale mtoni, samaki walikuwa wakija miguuni pake kula machicha. Na siku hiyo ya wageni pombe ya ulezi ilikuwa imechujwa kwa jirani yangu Mama Skola, machicha yamejaa. Mtu mwenye akili angeyamwaga asubuhi mapema akaenda zake. Mimi nikaamua kuyapeleka wageni wakishafika, ili samaki waje wakati ule ule wanatazama. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo tu.

Landrova ilipofika mwenyekiti akaniambia, "Tangulia, sisi tunakufuata." Nikajitwisha kapu, maji ya machicha yananichuruzika hadi mgongoni, nikashika njia ya mtoni. Nilichosahau (na Mfipa gani anasahau hili?) ni kwamba Agosti mavuno yako ghalani na nguruwe wote wa kijiji wamefunguliwa wajitafutie.

Nikasikia miguu nyuma yangu, mingi. Nikafurahi kwamba wageni ni wengi. Sikuweza kugeuka kwa sababu ya kapu kichwani, na maporomoko yalikuwa yanapiga kelele, kwa hiyo nikawa nawakaribisha kwa sauti kubwa bila kutazama. "Karibuni, karibuni sana! Hapa pana utelezi, waheshimiwa. Akina mama, pitieni kulia!" Nilipofika ukingoni nikainua macho, nikawaona wageni wamesimama kwenye mwamba wa ng'ambo. Mwenyekiti alikuwa amewapitisha njia ya juu, penye kuonekana vizuri. Wote walikuwa wananitazama mimi na waheshimiwa wangu.

Kabla sijageuka, nguruwe jike wa Mama Skola alinipiga magotini. Nikaingia kilindini na kapu langu. Suruali yangu tangu Aprili ilikuwa imekuwa kubwa kwangu, nilikuwa naifunga kwa kamba ya katani, na maji hayakuhangaika nayo. Niliiona ikipita mbele yangu, miguu imetanuka, inakwenda zake.

Watu waliangua kicheko, wageni ng'ambo na wanakijiji waliokuja kutazama huku. Patrisi na vijana wakawafukuza nguruwe kwa fimbo, na mimi nikabaki nimesimama, maji kifuani, machicha yameelea kunizunguka.

"Mzee, toka majini tusalimiane!" Bwana Samaki akaita.

"Salamu zitafika tu, ndugu! Mimi niko vizuri hapa hapa!"

"Utapata baridi!"

"Nimezoea!"

Kwa hiyo sikusogea, kwa haya, nimetulia kama mti. Na kwa kuwa nilitulia, kitu kikanigusa paja. Kikanigusa tena. Nikapiga kelele ambayo sitaki kuikumbuka, na Mama Skola naye akapiga kelele: "Jamani, tazameni!" Walikuwa perege, wakubwa na wadogo, wamenizunguka wanakula machicha, na chini yao kambale mweusi, mrefu, amepita taratibu kama mwenye nyumba. Kicheko kikaisha. Bwana Samaki alipiga magoti kwenye mwamba ili aone vizuri, kisha akamwambia mwenyekiti, "Hapa asiingie mtu na wavu. Nitaleta wageni wengine."

Mwenyekiti akaitikia.

Mama Skola akawaambia wanawake wageuke, wakageuka wote, hata wageni, naye akaniletea kanga yake hadi majini huku ametazama pembeni. Mungu ambariki. Nawashukuru wote waliogeuka siku ile, na hata nguruwe sina neno naye, ila machicha kichwani sijabeba tena na sitabeba.

Wageni walipoondoka, Patrisi alisema twende tukaitafute suruali. Tukafuata mto hadi unapokata kona kwenda mashambani, yeye ananyanyua matawi kwa fimbo, mimi nimejifunga kanga. Hatukuiona. Tukakaa juu ya jiwe.

"Dada angecheka leo," akasema.

"Angecheka mpaka akae chini."

Akaanza kucheka yeye, nikafuata mimi, tukacheka mpaka akawa anafuta machozi kwa mkono wa shati, na mimi kwa kanga ya watu. Halafu tukainuka, tukarudi nyumbani.